Bili ya gereji ikizaa: ibishie mstari kwa mstari

Jumanne moja niliacha Toyota IST yangu gereji, maeneo ya Nyakato, Mwanza, kwa sababu ya mlio wa mbele: ko-ko-ko kila nikipanda zile barabara za mawe za milimani. Fundi akaingia chini, akatikisa tairi, akatoka na jibu: boljointi mbili na bushi za wishiboni, yaani viungo na mipira ya mikono inayoshika tairi za mbele, laki mbili na ufundi wake humo humo. Nikakubali kwa mdomo, nikampa funguo, nikavuka kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, msibani. Kule simu ilikuwa inashika mtandao pale inapojisikia. Ijumaa narudi, fundi ananipa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule:

Boljointi 2: 90,000
Bushi 4: 80,000
Shokapu za mbele 2: 260,000
Breki pedi seti 2: 90,000
Oili na filta: 85,000
Taimingi beliti: 75,000
Ufundi: 60,000
Jumla: 740,000

Mimi nauza dagaa sokoni Kirumba Mwaloni. Kubishana bei ndiyo kazi yangu tangu kabla jua halijatoka. Lakini siku ile nilifanya kosa ambalo mteja akinifanyia mimi nashukuru Mungu: niliibishia jumla. "Fundi, laki saba na arobaini nyingi mno, nipunguzie." Akavuta pumzi kama anayeng'olewa jino, akapunguza elfu ishirini. Na mimi kwa ujinga nikasema ahsante. Ukibishia jumla unapewa punguzo kama sadaka, na aliyepokea sadaka hana tena cha kudai. Ukibishia mstari, kila mstari inabidi ujitetee wenyewe.

Bahati yangu sikuwa na hela ya kutosha. Nikamwomba fundi tuonane kesho, nikampigia shemeji yangu anayeendesha Hiace ya abiria. Yaliyofuata asubuhi yake ndiyo mwongozo huu. Kama uko gereji sasa hivi na karatasi mkononi, anza na hatua ya kwanza. Kama gari bado hujalipeleka, nenda moja kwa moja mwisho kabisa, utaokoa muda.

Hatua ya 1: Usilipe kitu, na usipandishe sauti

Hela ikishaingia kwenye simu ya fundi, mjadala umehama: sasa wewe ndiye unayeomba. Kwa hiyo hata "nitangulizie nusu" isubiri kwanza.

Sauti nayo ina hasara yake. Fundi ana vijana wanaomtazama, pengine na wateja wengine wamekaa chini ya mwembe wakisubiri magari yao. Ukimwita mwizi mbele yao hawezi tena kukubali kosa hata kama kosa analiona. Mvute pembeni. Shemeji alianza hivi: "Fundi, kazi tumeiona, pole na jua. Tuipitie hii karatasi pamoja, kimoja kimoja." Hakuna alichoshutumiwa hapo, na hana sababu ya kukataa.

Kama umepewa jumla ya mdomo tu, omba aandike: jina la spea, idadi, bei ya kila moja, na ufundi kwenye mstari wake peke yake. Ipige picha karatasi hiyo kabla ya neno jingine lolote. Karatasi za gereji zina tabia ya kuandikwa upya.

Hatua ya 2: Zigawe bidhaa mafungu matatu

Chukua kalamu. Fungu la kwanza ni mliyokubaliana. La pili ni yaliyofanyika kweli lakini hukuulizwa. La tatu ni yasiyofanyika, au yasiyowezekana kabisa kwenye gari lako.

Anza na la tatu. Ukilimaliza hilo, sauti ya fundi yenyewe inashuka, na mafungu mengine yanakuwa mepesi.

Kwangu mimi lilianza na ile taimingi beliti. Injini ya IST, hii 1NZ wanayoizungumzia mafundi wote, haina taimingi beliti. Ina cheni, imefichwa ndani. Mimi nilikuwa sijui. Shemeji akasema kwa upole, "Fundi, hebu nionyeshe taimingi beliti ya 1NZ." Fundi akakuna kichwa, akasema kijana wake ndiye aliyeandika, alikusudia feni beliti. Sawa, tukafungua boneti. Feni beliti, hii ya nje, ilikuwa na nyufa na vumbi la miaka, ukiigusa vidole vinakuwa vyeusi. Mstari ukakatwa, 75,000 ikaondoka bila kelele.

Kisha breki pedi. Seti moja ya mbele ni vipande vinne, viwili kila upande, kwa hiyo seti moja inamaliza mbele yote. IST yangu nyuma ina madramu, yanatumia breki shuu, hayana pedi. Seti ya pili ingekaa wapi? Nayo ikakatwa.

Huhitaji kuwa fundi kuyaona haya. Kuna mambo machache mtu yeyote anaweza kuyakagua akiwa na tochi ya simu:

Plagi na koili, hesabu silinda. Injini ya silinda nne kwa kawaida inakula plagi nne. Ukiandikiwa sita, mbili ziko mfukoni mwa mtu.

Oili, ipime kwa lita. 1NZ ikibadilishwa oili pamoja na filta inachukua kama lita 3.7, yaani galoni moja la lita 4 linatosha na linabaki. Bili yenye magaloni mawili kwa gari dogo ina maswali. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, uifute kwa kitambaa: oili mpya ina rangi ya asali, iliyotumika inaelekea weusi. (Dizeli usiipime hivyo, inaweza kuwa nyeusi mapema tu baada ya kubadilishwa.)

Spea mpya kwenye gari la zamani inajionyesha. Mulika chini: kila kitu kina matope na grisi kavu, halafu kuna kimoja kinang'aa, na nati zake zina alama mpya za spana. Usipoiona hiyo alama, uliza.

Na la muhimu kuliko yote, omba spea za zamani. Wakikuambia "tumezitupa, mama", usikubali haraka. Fundi hatupi chuma. Chuma chakavu kinauzwa kwa kilo, kwa hiyo spea yako ya zamani ipo mahali: kwenye ndoo, nyuma ya kibanda, au kwenye kiroba cha kijana. Mwambie unasubiri, kaa kwenye benchi, agiza chai. Zangu zilipatikana ndani ya dakika kumi.

Fungu la pili ndilo gumu, na hapa sitajifanya nilikuwa malaika. Shokapu zangu za zamani ziliwekwa miguuni pangu zikiwa zimelowa oili toka juu mpaka chini. Zilikuwa zimekufa kweli, na nilizijua zilivyokufa: gari la watu watano nalipakia magunia ya dagaa kutoka Mwaloni mara tatu kwa wiki. Fundi hakunidanganya. Kosa lake lilikuwa kutoniuliza. Alidai alipiga simu mara mbili nikawa sipatikani, na kwa Nansio ile naweza kuamini.

Sheria ya Tanzania inakaa hivi, kwa maneno ya kawaida. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, kwa hiyo ile "laki mbili" ya Jumanne ilikuwa na uzito. Fundi hawezi kuongeza kazi peke yake halafu akasema mlikubaliana. Lakini Sheria ya Mikataba inasema pia kwamba mtu akikufanyia kazi halali bila nia ya kuifanya bure, nawe ukaifaidi, unapaswa kumfidia. Huwezi kuondoka na shokapu mpya huku unasema hukuziomba.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, avue alichoweka akurudishie cha zamani, kama gari bado litakuwa salama barabarani. Ya pili, ulipie kitu chenyewe kwa bei ya dukani, bila cha juu, ile nyongeza ya fundi. Nilichagua ya pili kwa shokapu na kwa oili, maana dipstiki ilionyesha imebadilishwa kweli. Usivue shokapu nzima kwa hasira halafu ukashuka mteremko wa Bugando na zile zinazovuja. Hasira ina gharama yake.

Hatua ya 3: Bei ya spea iulize dukani

Hapa ndipo hela nyingi hujificha, na jina lake linajulikana nchi nzima: cha juu. Spea ya 70,000 inakuja kwenye karatasi 100,000, na wakati mwingine hata risiti ya duka imeandikwa hivyo kwa sababu muuzaji na fundi wanajuana.

Piga simu maduka mawili, au mtume mtu unayemwamini. Taja aina ya gari, mwaka na aina ya injini, na ukiweza tuma picha ya kadi ya gari ili wasome namba ya chasisi. Halafu uliza swali ambalo wengi wanalisahau: bei hiyo ni ya mpya au ya mtumba? Ni orijino au kopi? Shokapu ya mtumba iliyoletwa kutoka Japani na kopi mpya iliyo kwenye boksi linalong'aa ni vitu viwili tofauti, na bei zake hazilinganishwi. Kama kwenye bili imeandikwa orijino, omba boksi lake.

Shokapu kama zangu nilizipata kwa 210,000 jozi. Fundi aliandika 260,000. Nilimpa 220,000. Ile elfu kumi niliiacha kwa moyo mweupe: alipanda bodaboda yeye, akasubiri dukani yeye, na kama ingekuwa mbovu angeirudisha yeye. Cha juu kidogo kinachotajwa wazi sina ugomvi nacho. Tatizo ni kile kinachojificha ndani ya bei. Oili na filta dukani 65,000, nikalipa hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Ufundi usiukamue

Ufundi ndio mstari ambao wateja wengi wanaushambulia kwanza, na nadhani wanakosea. Fundi unayembana mpaka abaki na elfu kumi kwa kazi ya siku nzima atairudisha hela yake kwenye spea, safari hii au ijayo. Kagua kitu kimoja tu: je, kazi ile ile imehesabiwa mara mbili? Akishusha gia boksi kubadilisha klachi, oili sili iliyo nyuma ya injini iko wazi mbele ya macho yake. Ufundi wa kuibadilisha hauwezi kuwa sawa na wa kushusha gia boksi upya.

Wangu ulikuwa 60,000. Kazi iliongezeka, nikaulipa wote.

Hatua ya 5: Andikeni, lipa kwa njia inayoacha alama, dai risiti

Hesabu mpya ilikuwa 560,000: boljointi 90,000, bushi 80,000, shokapu 220,000, pedi 45,000, oili na filta 65,000, ufundi 60,000. Bado ni karibu mara tatu ya laki mbili, najua. Lakini kila shilingi niliweza kuishika kwa mkono, na 180,000 ilibaki kwangu.

Tuliandika nyuma ya ile ile karatasi, tukasaini wote wawili na tarehe. Lipa kwa simu au lipa namba badala ya taslimu, ili ujumbe wa muamala ubaki. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Gereji ikikuongezea VAT, angalia kwenye risiti kama ina namba ya usajili wa VAT, ile VRN. Asiyesajiliwa haruhusiwi kukutoza hiyo kodi. Risiti yenyewe unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya TRA ukiwa hapo hapo umesimama.

Kabla hujatoka getini, endesha mzunguko mmoja pamoja na fundi ndani ya gari. Mlio ukiwa bado upo, utausikia naye akiwepo.

Hatua ya 6: Mkishindwana na gari likazuiliwa

Hapa watu wengi wanajiingiza pabaya. Wanakuja usiku na funguo ya akiba, au wanaleta vijana. Usifanye hivyo. Sheria inampa aliyefanya kazi ya ujuzi kwenye kitu chako haki ya kukishikilia mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Ila haki hiyo ina mipaka yake: ni kwa kazi ya gari hilo, si kwa deni la gari la mumeo la mwaka jana. Na hawezi kulitumia. Fundi akilipeleka gari lako harusini Magu bila ruhusa yako, hasara itakayotokea huko ni juu yake. Ndiyo maana picha ya kilomita na ya geji ya mafuta, uliyopiga kabla ya kuacha gari, ni muhimu.

Njia iliyo salama ni kulipa sehemu isiyobishaniwa. Mwandikie ujumbe wa WhatsApp, maneno machache: "Nakubali 560,000. Sikubali 180,000 kwa sababu hizi. Nipo tayari kulipa 560,000 leo nichukue gari, mengine tuyapeleke kwa watu." Ujumbe kama huo una nguvu ya ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki mahakamani. Na ukibanwa kabisa, kwa mfano gari ndilo linalokulisha, unaweza kulipa yote huku ukiandika wazi kwenye karatasi na kwenye ujumbe kwamba unalipa kwa kupinga, ili uchukue gari.

Hatua ya 7: Pa kuupeleka ugomvi

Kwanza ndani ya gereji kwenyewe. Gereji nyingi za mtaani ni mafundi kadhaa kwenye kiwanja kimoja, na yupo mzee mmoja ambaye wote wanamsikiliza. Hataki jina la kiwanja liharibike. Nenda kwake na karatasi yako yenye mafungu matatu, usiende na malalamiko ya jumla.

Pili, ofisi ya serikali ya mtaa ilipo gereji. Mwenyekiti hawezi kumlazimisha mtu kulipa, lakini akiwaita mkakaa mezani, na fundi akatakiwa kueleza taimingi beliti mbele ya wazee, mambo huisha.

Polisi hupoteza muda wa wengi. Bili kubwa ni ugomvi wa madai, na pale kaunta utaambiwa hivyo hivyo. Kitu kimoja hubadilisha hali: kama spea zilizokuwemo kwenye gari lako zimeng'olewa zikauzwa, betri nzima imegeuka mbovu, au gari limekwenda kusikojulikana. Hiyo ni jinai, karipoti siku hiyo hiyo.

Spea feki iliyouzwa kwako kama orijino ipeleke Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na bidhaa bandia ni kazi yao. Peleka spea, boksi na risiti.

Mwisho ni Mahakama ya Mwanzo. Madai madogo yatokanayo na makubaliano kama haya yanasikilizwa huko, kwa Kiswahili, na unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Kama unaogopa makaratasi, tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua. Sikufika huko, na kwa 180,000 nisingependa kufika: kila siku ya shauri ni siku bila meza Mwaloni.

Kabla ya kuacha gari

Mwaloni hatununui gunia la dagaa bila kulifungua na kuzamisha mkono mpaka chini. Juu huwa wazuri siku zote. Na gari liko hivyo hivyo: kabla sijatoa funguo, sasa nazamisha mkono mpaka chini.

Napiga picha za kilomita, geji ya mafuta, betri, tairi zote na redio. Namuuliza fundi ufundi peke yake na spea peke yake. Naomba anunue yeye au ninunue mimi, tuamue kabla. Halafu namtumia ujumbe nikiwa bado nimesimama mbele yake, na nasubiri ajibu ndipo niondoke. Maneno yangu ni haya, yachukue kama yalivyo:

"Fundi, nimekuachia IST leo. Kazi ni boljointi mbili na bushi nne. Ufundi 30,000, spea isizidi 170,000. Ukikuta kingine, nipigie. Nisipopatikana, usiguse, nipigie picha tu. Spea zote za zamani niwekee kwenye gunia."

Fundi ni yule yule, sijahama. Mkono wake ni mzuri, na tangu siku ya beliti hajaniandikia kitu nisichokiona. Hujibu "sawa mayu", yaani mama kwa Kisukuma, basi. Gunia liko kwenye buti ya gari muda wote, na vijana wake wanalalamika kwamba spea wanazoniwekea humo zinanuka dagaa.